Kompyuta Isiyojua Kupewa Mji

Mwalimu Selestini alikuwa na mtihani wake wa ajabu. Anayetaka kuingia darasa la pili la Python, lugha ya kuandikia programu, pale Bariadi aje na mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Mtu huyo aitumie programu ya mwanafunzi, na mwanafunzi akae kando, kimya. Mgeni akikwama, mwanafunzi naye amekwama.

Nyanjige alimleta bibi yake kutoka Dutwa, Bibi Kwandu. Programu yake ilikuwa ya kutega kitendawili, na kwa bibi huyo siku isiyo na kitendawili ni mboga isiyo na chumvi.

"Mwangaluka, mayu," mwalimu akamwamkia Kisukuma kama mama yake, akamvutia kiti.

"Mwangaluka, baba. Ndiye huyu?" Bibi akakikagua kioo cha kompyuta kama anayemtazama mkwe mpya.

Kioo kiliandika: *Kitendawili. Ujanani hatazamwi, akiota mvi, watu wanamgombea. Ni nani?*

Bibi akatabasamu. Mtu aliyezeekea kwenye pamba umtegee pamba! Akaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja, taratibu, kama kuku kwenye mtama: *Ni pamba mjukuu wangu.*

*Siyo,* kompyuta ikajibu.

Nyanjige alilijua kosa papo hapo. Alikuwa ameandika jibu == "pamba", na zile alama mbili za sawa hazina utani. Zinataka maandishi ya huku yalingane na ya kule herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Sasa bibi, tangu lini akamjibu mtu neno moja kavu, kama anayefukuza mbuzi?

"Kumbe kina jibu jingine," bibi akasema kwa upole. Na aliyeshindwa kitendawili anajua wajibu wake: humpa mtegaji mji, aende akale, akirudi aseme jibu. Akadonoa tena: *Haya nakupa mji nenda Kimali ukanywe maziwa.*

*Siyo.*

Bibi akamgeukia mwalimu. "Nimempa Kimali nzima na ng'ombe wake, anasema siyo? Huyu kalelewa na nani?"

Darasa likacheka. Aliyemlea alikuwa amekaa kando, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Amekwama," mwalimu akasema. Kisha akamwonea huruma. "Nyanjige, chukua kompyuta yako ukarekebishe. Sasa ni zamu ya mwenzako Masalu na kaka yake. Wakimaliza, mayu atarudi kitini. Mara ya mwisho."

Nyanjige akahamia pembeni. La kwanza lilikuwa jepesi. Alifuta zile alama mbili akaandika "pamba" in jibu, yaani: neno pamba limo humu ndani? Bibi na aongeze heshima zake mbele na nyuma, pamba itaonekana tu. Kazi ilikuwa kwenye mji.

Hilali, aliyekwisha kufaulu, akainama begani kwake. "Ikate sentensi kwenye nafasi, uchukue neno la mwisho."

"La mwisho ni maziwa. Nimekwenda Maziwa?"

"Basi andika Kimali, yaishe."

"Humjui bibi yangu. Ukimkatalia chakula hakupakulii tena kilekile."

Akaikata sentensi kwa split, maneno yakakaa mojamoja. Akaiagiza kompyuta itafute "nenda". Linalofuata ndilo mji. Kisha akaunganisha kwa alama ya kujumlisha: "Nimekwenda" + mji. Akajaribu. Ikatoka *NimekwendaKimali*, maneno yamegandana kama ugali na sufuria. Kompyuta haikupi nafasi usiyoiweka mwenyewe. Akaiweka, ndani ya alama za kunukuu, baada ya neno la kwanza, kisha mwishoni akaongeza ya kula, kushiba na kurudi, na jibu lenyewe.

"Mayu, karibu tena," mwalimu akaita.

Bibi akakaa, akakisoma kitendawili kilekile. Nyanjige akaomba kimoyomoyo bibi aandike pamba.

"Jibu langu alilikataa," bibi akasema. "Na Kimali aliikataa." Akadonoa, bila haraka hata kidogo: *Nakupa mji nenda Sola wanavuna viazi usirudi mikono mitupu.*

Kompyuta ikajibu:

*Nimekwenda Sola, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni pamba.*

Bibi akasoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. "Viazi hakuleta," akasema, "ila kaenda. Na pamba nilimwambia tangu mwanzo." Akajisogeza vizuri kwenye kiti, akaegemeza viwiko mezani. "Haya. Mwambieni anitege kingine."

Nyanjige akamtazama mwalimu. Ndani ya ile kompyuta hakukuwa na kingine.

"Kingine atakitunga Jumatatu, mayu," mwalimu Selestini akasema. "Darasa la pili linaanza asubuhi."

"Jumatatu mbali," bibi akajibu, wala hakunyanyuka. "Basi wewe, baba, tega."