Kitambaa Kilichochemshwa

Fundi aliingiza mkono kwenye tundu la kisanduku cha kioo, akachomoa kitambaa kilicholazwa kando ya shavu la mwanawe, akakinusa. Damu ikamchemka.

"Sista! Hebu njoo unuse hiki."

Muuguzi alikuja, viatu vyake vya mpira vikilia nyi nyi sakafuni. "Punguza sauti, shoga yangu. Humu hata kupiga chafya tunaomba ruhusa."

"Nusa kwanza."

Akanusa. "Kinanukia dawa. Kisafi kabisa."

"Ndiyo ubaya wenyewe!"

Mtoto huyo, waliyempachika jina la Kidole kwa udogo wake, alizaliwa kabla ya siku zake, na katika chumba hiki cha mahututi mama aliruhusiwa kuchungulia mara moja tu kwa siku. Ndipo akaja daktari wa utafiti na maneno matamu: kila mama alale na kitambaa kifuani, asubuhi kipelekwe kwa mtoto, wapime kama harufu ya mama inamtuliza. Ikimtuliza, milango ingefunguliwa, akina mama washinde na watoto wao. Fundi, ambaye riziki yake ni cherehani, alikikata chake kwa mkono wake, akakipiga pindo laini lisimkwaruze mtoto. Alilala nacho, akalia nacho, maziwa yakakilowesha.

Na leo asubuhi daktari aliwaita, akawaambia kwa masikitiko kwamba harufu haikuleta tofauti yoyote. Milango itabaki kama ilivyo.

"Sista, mlikuwa mnavifua?"

"Kila kinachoingia humu huchemshwa na dawa. Ndiyo sheria ya usafi, hata shuka la..." Muuguzi akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu."

Daktari alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Fundi akamzibia njia.

"Daktari, mlipima harufu ya nani? Yangu au ya dobi?"

Daktari akacheka kidogo. Kisha akakipokea kitambaa, akakinusa, na kicheko kikakatika.

"Hakuna aliyeniambia."

"Uambiwe nini? Pua unayo!"

"Mama, una haki ya kukasirika. Tutarudia upya, na kundi jingine la watoto."

"Na wangu?"

"Wako... sehemu yake ameshamaliza."

"Amemaliza nini? Mmemnyima mama yake, halafu mnatangaza kwamba mama hana kazi?" Hakulia, machozi angempa nani? Akaenda kwenye sinki, akanawa mpaka viwikoni, akavuta kiti, akafungua vifungo vya blauzi. "Sitoki."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Muuguzi hakuitazama. Alifungua kisanduku, akamnyanyua Kidole pamoja na nyaya zake, akamlaza kifuani kwa mama yake.

"Usiegemee huo mrija," alinong'ona.

Kidole alikunja uso kama mzee aliyeamshwa. Pua yake ikagusa ngozi, ikahangaika huku na huku, kisha ikatulia. Mtambo wa kupima mapigo ya moyo, uliokuwa ukilia kwa tahadhari kila mara kando yake, ukanyamaza.

Daktari akasogea, akainama kusoma namba.

"Usisimame kumshangaa huyu peke yake," Fundi alisema. "Wenzangu wako nje ya mlango. Kawaite."

Daktari alibaki na kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi. Kisha akaweka chini kikombe chake, akaenda kuufungua mlango.