Nguzo za Agravella

Secundino aliipapasa nguzo kwa kiganja, akitafuta njia ya jiwe, maana kila jiwe lina mahali pake pa kukatikia, na aliyelichonga hupajua. Akapapata. Akashusha nyundo mara moja tu. Jiwe likatoa mlio mfupi, nusu yake ikaanguka nyasini, na kichanja cha mizabibu cha upande ule kikainama. Waya zikalegea. Mizabibu ikaja chini polepole, ikigumia kama wazee wanaosaidiwa kukaa.

Akahamia nguzo ya pili.

Zilikuwa arobaini na mbili, na zote alizichonga mwenyewe ujanani, Jumapili baada ya misa, kwa kuwa siku nyingine alikuwa akichonga makaburi ya watu. Yeye alisimamisha nguzo, na mkewe Obdulia akamfuata nyuma akipanda na kufunga machipukizi. Obdulia sasa ana mwaka wa saba ardhini. Mizabibu yake haikupata habari hizo, iliendelea kuzaa.

Na hili, Agravella, ndilo shamba walilomnyang'anya. Wenyewe hawakusema kunyang'anya, walisema kugawa upya: vipande vya kila mtu vikusanywe, vichanganywe kama karata, kila mmoja agawiwe upya, ili trekta zipate kupita. Aliyechanganya karata alikuwa Amancio, mwenyekiti wa kamati. Aliyegawa alikuwa Amancio. Na aliyekuwa akicheza, Mungu anaona, alikuwa Amancio huyo huyo.

Secundino aliacha shule akiwa na miaka minane, siku aliyopewa tindo. Kwa hiyo karatasi ya kamati ilipomfikia aliipeleka kwa Xenaro, mwenye baa, amsomee.

"Umepewa bondeni, nyuma ya mikaratusi," Xenaro akasoma. "Ukubwa ule ule, mzee. Hata wamekuongezea hatua tano."

"Bondeni maji yanalala. Zabibu za huko zitaota ukungu kabla hazijajijua kama ni zabibu."

"Karatasi haisemi habari za ukungu."

Baa nzima ikacheka. Walicheka, na wote walijua. Agravella iko juu ya ghuba, uso wake umeelekea bahari kuu. Mvua ikinyesha siku nne, upepo wa siku ya tano unapita chini ya kichanja na kukausha kila kishada kama mama anayemfuta mtoto. Usiku kuna baridi, kwa hiyo zabibu haina haraka. Divai yake ni nyeupe ya kuelekea ukijani, kali mpaka mashavu yanajikunja. Ukishaimeza ndipo chumvi inakuja, kidogo tu, kama umelamba jiwe la ufukoni. Bondeni divai hiyo haizaliwi. Bondeni huzaliwa siki.

"Na Agravella kapewa nani?" Secundino aliuliza.

Xenaro akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Kwani hapa kizuri humwendea nani?"

Macho yote yakaenda kwenye kona alikokaa Amancio, akila pweza kwa kijiti. Amancio hakukataa wala hakukubali. Aliinua bakuli lake la divai.

"Afya, Secundino! Usininunie. Sheria inakuachia vyako vyote mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martino. Zabibu vuna. Zana chukua. Hata mawe yako beba, ukiweza. Ila kwa mgongo huo..."

Wakacheka tena, Xenaro akiwa wa kwanza.

Husemwa aliye juu mngoje chini. Secundino alikuwa amengoja mpaka magoti yameisha. Alivuna peke yake mwezi wa Septemba, akinyoosha mikono juu ya kichwa siku kumi na moja, na majirani waliozoea kuja kusaidiana wakapita barabarani wakimsalimia kwa mbali, kila mmoja akihofia kupoteza kipande chake. Sasa ilikuwa Novemba, mkesha wa Mtakatifu Martino. Kubeba mawe asingeweza, Amancio alisema kweli. Lakini kuvunja, hilo halikuhitaji mgongo. Lilihitaji kujua.

Kufikia alasiri nguzo zilikuwa zimebaki tatu.

"Secundino! Jamani, Secundino! Nani kakufanyia hivi?"

Alikuwa Erundina, mjane mwokota kombe za baharini, akipanda kilima kwa nyonga yake mbovu, ameegemea reki aliyozoea kuchimbulia kombe mchangani. Mfukoni mwa aproni yake mkasi wa kupogolea ulikuwa umechomoza, mpya.

"Hakuna aliyenifanyia," Secundino akasema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mawe ni yangu. Sheria imesema. Kesho Amancio akija, akute alichokipanda yeye."

"Amancio?" Erundina akasimama. "Aje kufanya nini huku?"

"Si amepewa yeye?"

Mwanamke akaitazama mizabibu iliyolala, safu baada ya safu, mpaka kule ardhi inapokatika na bahari kuanza.

"Huku nimepewa mimi," akasema.

Secundino hakuiweka nyundo chini. Ilibaki mkononi kwa kuwa mkono haukuambiwa kitu kingine.

"Amancio alilitaka lile shamba langu la kando ya barabara, ajenge ghala lake la divai," Erundina akaendelea. "Nililia mbele ya kamati mpaka wenzake wakaona haya. Yeye akaniambia, 'Nyamaza, mama. Nakupa la Secundino. Lina nguzo za mawe, hutahitaji mwanamume wa kukujengea.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ramani imebandikwa mlangoni pa kanisa tangu Agosti, na jina langu juu yake. Nilijua umesoma. Nikasema, Secundino hanisalimii siku hizi, amekasirika, atapoa."

Kila Jumapili Secundino aliipita karatasi ile, jicho moja chini, kama mtu anavyompita mbwa wa tajiri.

"Zirudishe," Erundina akasema.

"Jiwe halirudi. Mti ukivunjika utaufunga kamba, utashika. Jiwe likikatika limekatika."

"Basi hata za mti."

"Uzito huu? Zitadumu majira mawili. Na mti wenyewe anao nani?"

Mikaratusi yote ya kilima ilikuwa ya Amancio. Hawakuhitaji kulitaja.

"Siku ile walipokucheka baani," Erundina akasema taratibu, "alikuwa amekaa umbali gani na wewe?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Umbali gani?"

"Meza mbili."

"Meza mbili! Na nyundo unayo. Ukaona heri uje huku kilimani upigane na mawe."

Secundino alitamani mwanamke alie, amtukane, ampige hata kwa ile reki. Erundina hakufanya hata moja. Aliilaza reki nyasini, akauendea mzabibu ulio karibu, mmoja wa ile minene, akainama upande wa nyonga nzima, akaliingiza bega chini ya shina. Akainuka nalo kidogo kidogo, matawi yakiburura waya, majani ya mwisho ya manjano yakimwagika mgongoni mwake, mpaka likafika kimo lilichozoea kukaa.

Hapo akasimama nalo begani, akageuza shingo huku na huku, akitafuta pa kuliegemeza.