Daraja na Kitabu cha Ubatizo

Mgeni alifika saa moja kasoro asubuhi, Modesta akiwa uani kwao Buswelu anapakia chupa za maji. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kitenge kipya, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Apiyo. Baba yako alitangaza kwenye jumuiya kwamba gari linakwenda Bukumbi. Nami nimefika."

Modesta akamgeukia baba yake. Ghafla Yeremia akaona tairi lina vumbi, akainama kulifuta.

Modesta alikuwa na shahada ya historia, kazi bado, na ratiba ya safari hii aliiandika kana kwamba itasahihishwa. Kwanza kanisa la zamani la Bukumbi. Kisha daraja la Kigongo, wavuke hadi Busisi, wale samaki ng'ambo. Bibi yake Wilhelmina, mzaliwa wa Sengerema, alisubiri kivuko nusu ya maisha yake, na tangu daraja lifunguliwe hajalivuka hata mara moja. Modesta alitaka leo alivuke. Gari lenyewe, Noah, lilikuwa la jirani yao Luhaga, aliyebembelezwa miezi mitatu. Saa kumi kamili alikute uani kwake. Ana abiria wa uwanja wa ndege.

"'Kustaajabia madhabahu, dakika saba,'" bibi alisoma kwa sauti, gari likiondoka. "Na nikistaajabu nane, mjukuu wangu, mtaniacha?"

Njiani Apiyo akaeleza. Jumamosi ijayo anafunga ndoa na mzee Okwach, ambaye ameishi naye miaka arobaini na moja.

"Alikuwa bado anajifikiria?" bibi akauliza.

Apiyo akacheka hadi akajishika ubavu. Kisha akatulia. Paroko anataka cheti cha ubatizo kabla ya misa ya kesho. Kikikosekana, Kwaresima iko mlangoni, ndoa itasubiri Pasaka. Baba yake Apiyo alikuwa mpishi misheni pale Bukumbi. Alibatizwa hapo, mwaka wa mvua za Uhuru.

"Hatuondoki Bukumbi bila cheti chako, mama," Modesta akasema kabla hajafikiri.

Yeremia akamtazama kwenye kioo. "Hilo nalo lipo kwenye ratiba?"

Kanisani bibi alistaajabu dakika kumi na moja, akawatangazia. Katekista Obedi akaleta vitabu vya ubatizo: mwaka sitini na moja, sitini na mbili, sitini na tatu. Modesta akailaza ratiba yake juu ya ukurasa kama rula, akawa anaishusha jina kwa jina. Saa tano. Saa sita. Saa saba.

Yeremia akachezesha funguo. "Mwanangu, tukiondoka sasa, tunavuka na kuwahi kurudi. Tukikaa zaidi, daraja basi."

"Nendeni tu," Apiyo akasema. "Nitapanda bodaboda. Okwach amezoea kusubiri."

Modesta akamtazama bibi, aliyekuwa mlangoni akitafuna karanga.

"Usinitazame mimi," bibi akasema. "Mimi sikumwahidi mtu."

Modesta akamgeukia Obedi. "Katekista, vipo vya nyuma zaidi?"

Saa nane ratiba ilisimama juu ya majina ya wasichana wawili, siku moja, baba mmoja: Otuoma, mpishi.

"Mama, ulikuwa na pacha?"

"Adongo. Marehemu." Apiyo akaligusa jina la pili kwa kidole.

"Ila hapa ni mwaka hamsini na tisa, mama. Siyo wa Uhuru."

Apiyo akahesabu kwa vidole, akaanza upya. "Mungu wangu. Nimemzidi Okwach miaka miwili! Na kutwa ananiita kabinti!"

"Asikione hicho cheti kabla ya kiapo," bibi akashauri.

Obedi aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri usiojua haraka, akapiga muhuri. Gari likaligeuzia daraja mgongo. Apiyo alikipakata cheti kama trei ya mayai. Modesta alitazama dirishani.

"Kwenye karatasi yako," bibi akauliza, "baada ya daraja na samaki kinafuata nini?"

"Kurudi nyumbani, bibi."

"Basi tumewahi."