Hatuko Salamabila

Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mvua iliyoanza Kasongo tangu alfajiri ilikuwa imekatika, lakini wingu lilikuwa bado zito, na maji yalidondoka kutoka kwenye mabati ya ofisi ya Faradji.

Faridah alikuwa mbele ya kompyuta, akisoma hesabu ya watu walioitembelea tovuti juma lililopita. Alikuwa amesomea kutengeneza tovuti Bukavu kwa miaka mitatu. Kwa miezi minane alikuwa akiijenga tovuti ya Faradji, mjomba wake, mwenye kampuni ya pikipiki zinazobeba wagonjwa kwenda hospitali na maiti kurudi kwao.

Aliijenga kwa utaratibu. Alijua kwamba mtu mwenye shida haandiki maneno ya kitabuni. Kwa hiyo alikaa majuma mawili kwenye lango la hospitali, akawauliza waliokuja na wagonjwa wao: kama ungetafuta msaada kwenye simu, ungeandika nini? Wakamjibu: "pikipiki ya mgonjwa Nyangwe", "kupeleka maiti Kasongo". Maneno hayo hayo akayafanya vichwa vya kurasa. Kila mahali pakapewa ukurasa wake, na jumla ikawa kurasa arobaini na moja. Maandishi yalikuwa yale yale. Jina la mahali tu ndilo lililobadilika.

Chuoni walimfundisha kwamba ukurasa ulionakiliwa hushushwa chini kwenye matokeo ya utafutaji. Hapa haukushushwa, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuandika lolote kuhusu vijiji vile, na kurasa zake zote zilitokea za kwanza.

Kampuni ilikuwa na waendeshaji mahali patatu: Kasongo, Kabambare na Nyangwe. Kuhusu mahali pengine thelathini na nane, Faradji alisema, "Tutafika. Kwanza watujue." Faridah alikuwa ameuliza mara moja, kisha akanyamaza.

"Arobaini na moja!" Faradji alisema asubuhi ile, akichungulia juu ya bega lake huku akikoroga chai. "Hata gavana hana ofisi arobaini na moja. Mimi ni wa kwanza mpaka kwenye vijiji vyenye sijakanyaga."

"Ndiyo shida yenyewe, mjomba."

"Shida gani? Kunywa chai."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mzee Abdallah, muuza misumari, mabati na rangi karibu na soko. Kanzu yake ilikuwa na tope hadi magotini. Mji mzima ulijua kwamba juma lililopita alifiwa na mwanawe Kamaldine huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Faradji mwenyewe alipeleka mchele na sukari matangani.

"Karibu, Baba Abdallah. Pole tena. Faridah, mupe muzee kiti."

"Sitakaa sana," Abdallah alisema, akakaa. Alitoa simu iliyofungwa ndani ya leso, akaifungua polepole, akaiweka mezani. "Faridah, mutoto wangu. Hii ni wewe uliandika?"

Ulikuwa ukurasa wa Salamabila.

"Ni mimi, baba."

"Nisomee. Macho yangu yamechoka nayo."

Faridah akasoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mwanzoni. "Tuko Salamabila. Usiku na mchana, tunakufikia ndani ya saa mbili. Usihangaike. Tusubiri, tunakuja."

"Vizuri. Sasa niambie, ni nani iko Salamabila? Nipe jina lake tu, nimusalimie."

Faridah alitazama herufi za kompyuta. Faradji alijikohoza.

"Muzee wangu, ile ni namna ya biashara. Hata wewe umeandika juu ya mlango, 'Misumari ya kila aina.' Na kila nikija, ya inchi tatu imeisha."

"Ukikosa musumari kwangu, unaenda kwa mwingine," Abdallah akajibu. "Mimi sikuambii ungoje."

Faradji akaweka kikombe chini.

"Na picha hii. Pikipiki, na ukuta wa buluu nyuma yake. Niliitazama siku mbili. Nilisema moyoni, kumbe Salamabila kuna nyumba nzuri hivi. Kisha nikaona alama ya brashi pale pembeni. Faradji, rangi hii nilikuuzia mimi. Ndoo mbili. Ukuta huu ni wa hapa nje."

Hakuna aliyecheka. Abdallah akaeleza yaliyotokea, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa.

Alhamisi saa sita mchana, shimo lilimwangukia Kamaldine. Aliyemtoa alikuwa Cirhuza, mwenzake wa kazi, kijana Mkristo kutoka Walungu. Kabla ya alasiri Waislamu wa Salamabila walikuwa wamefika na sanda na maji, na imamu wao akasema wamzike kabla ya jua kuzama. Lakini Cirhuza alikuwa amekwisha kuandika kwenye simu "kupeleka maiti Kasongo", na ukurasa huu ukamjia wa kwanza. Akapiga namba. Sauti ikamjibu kwamba wako njiani.

"Sauti ilikuwa yangu," Faradji alisema. "Sikudanganya, muzee. Nilimutuma Yves kutoka Kabambare saa ile ile. Muto ulifurika, mbao za daraja zikaenda. Alirudi Ijumaa."

"Na kila Cirhuza alipopiga?"

"Nilisema wako njiani." Faradji alijifuta uso kwa kiganja. "Nilifikiri wako."

"Imamu alirudi Alhamisi jioni. Alirudi Ijumaa baada ya sala. Cirhuza alisimama mlangoni, akamwambia, 'Shehe, unisamehe, tumeambiwa tungoje.' Walimuzika Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyeweza kumuosha tena. Hawakufungua hata uso."

Faridah aliuliza, ingawa alijua kwamba heri asingeuliza. "Baba, nani alimwambia Cirhuza angoje?"

Abdallah aliichukua simu mezani, akaanza kuifunga tena ndani ya leso.

"Mimi. Alinipigia, akanitumia ukurasa. Nikausoma neno kwa neno. Nikamwambia, mwanangu, usiwape watu wa imamu mwili. Wa pikipiki wako hapo hapo, saa mbili tu. Ningoje nimuoshe mwenyewe."

Faridah aligeukia kompyuta.

"Nitazifuta. Zote thelathini na nane, sasa hivi."

"Ngoja kwanza," Faradji alisema. "Miezi minane, Faridah! Ukizifuta leo, kesho hatuko popote. Na watu wa Kabambare na Nyangwe, wenye tunawafikia kweli, watatuonaje? Tutaenda chini kabisa."

"Mjomba, kuna mtu anasoma moja ya kurasa hizo saa hii."

"Tutaongeza waendeshaji. Mwakani."

"Anasoma saa hii."

"Usifute," Abdallah alisema.

Wote wawili walimtazama.

"Sikuja kufunga kazi ya mutu. Kaburi la mwanangu limekwisha. Lakini ukifuta, atakayetafuta atapata nini? Atapata kitu kingine cha uongo, ao hatapata kitu. Watu wanaufikia ukurasa wako kwanza. Basi wakifika, wakute kweli."

Simu ya ofisi ikalia.

Faradji aliichukua kwa mazoea na kuiweka kwenye kipaza sauti. Mtu alikuwa akihema kama aliyekimbia. Alisema anaitwa Lwamba, yuko Lusangi. Mkewe Sagesse alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana mchana, na mtoto hakuwa akishuka. Mkunga ameshindwa. Vijana wa jirani walikuwa tayari wametengeneza machela ya miti, lakini yeye amewazuia.

"Nimeona mumeandika muko Lusangi. Saa mbili. Niwaambie vijana waende shambani, ao?"

Faradji alifungua kinywa. Faridah aliyajua maneno yaliyokuwa tayari ulimini mwake. Alikuwa ameyasikia miezi minane. Abdallah alikuwa amefumba macho, leso mkononi.

"Ndugu Lwamba," Faradji alisema. "Hatuko Lusangi."

"Lakini mumeandika..."

"Tumeandika uongo. Unitukane kesho, namba ni hii hii. Leo sikia: musingoje. Wainue machela sasa, mushike barabara ya Kabambare. Mimi namutuma mutu wangu kutoka Kabambare, anaitwa Yves. Mutakutana njiani. Mukikutana, vizuri. Musipokutana, musisimame hata kidogo, endeleeni."

"Musisimame," Lwamba alirudia, kana kwamba anaandika.

"Hata kidogo."

Simu ilipokatika, Faradji alimpigia Yves na kumweleza kwa maneno machache. Kisha akaenda kusimama mlangoni, akitazama nje.

Faridah akaufungua ukurasa wa Salamabila. Akauacha ule mstari wa juu ambao watu huuandika wanapotafuta: kupeleka maiti Kasongo. Chini yake akafuta yote. Akaandika: "Hatuko Salamabila. Usitusubiri. Pikipiki yetu ya karibu iko Kabambare, na wakati wa mvua inaweza kukosa njia. Kwa msaba wa leo, waite watu wa hapo hapo."

Alisimama, akausoma tena, akasahihisha neno "msiba".

"Baba, nahitaji majina. Imamu, na mtu mwingine anayejulikana huko."

Abdallah akafungua leso kwa mara ya tatu. Alimsomea namba ya imamu, tarakimu moja moja. Kisha akasoma namba ya Cirhuza, na hiyo hakuhitaji kuitazama.

"Nitamuomba ruhusa kwanza," Faridah alisema.

"Atakubali. Ananipigia kila siku. Anafikiri kosa ni lake."

"Na ile picha ya ukuta," Faradji alisema kutoka mlangoni, bila kugeuka, "toa."

Vijana wanne wa Lusangi walimbeba Sagesse hadi saa saba na robo, walipokutana na Yves. Yves alimfikisha hospitali ya Kabambare kabla ya saa tisa, naye akajifungua mtoto wa kike jioni ile. Lwamba alipiga simu kesho yake, lakini hakutukana. Faradji aliwapigia watu wa vijiji thelathini na nane kwa siku kumi na moja, akawapata tisa waliokubali kuandikwa. Faridah aliandika upya kurasa thelathini na nane, moja moja, bila kunakili. Cirhuza alitoa ruhusa, akaomba jina lake liandikwe chini ya lile la imamu. Daraja liliporudishiwa mbao, Yves alikuja Kasongo kumchukua Abdallah, naye akaondoka Jumatatu asubuhi nyuma ya pikipiki yake, akafika Salamabila Jumatano, akaonyeshwa kaburi.