Mgane wa Bibi

Asubuhi aliyokufa bibi, nilimsifu kwa kuigiza vizuri.

Niliingia chumbani kwake na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo begani, kama kila siku. Nikabisha mlango uliokuwa wazi, maana ndivyo tulivyokubaliana, muuguzi haingii kwa mgonjwa kama mbuzi. Nikasema, "Mke wangu, umeamkaje?" Hakujibu. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Wiki hiyo tulikuwa tunafanya zoezi la mgonjwa asiyetaka kuongea, na jana yake alikuwa ameliharibu kwa kucheka.

"Leo umeweza," nikamwambia. "Huo mkono ni mzuri sana. Nakupa tisa juu ya kumi."

Nikaweka beseni chini, nikakaa pembeni ya kitanda, nikaushika mkono. Ulikuwa wa baridi. Niliendelea kuushika, kwa sababu sikujua mkono kama huo unafanywa nini kingine.

Daktari wa zahanati alisema moyo ulisimama usingizini kabla hakujapambazuka, na kwamba hata angekuwepo yeye mwenyewe asingeweza kufanya lolote. Usaili wangu wa chuo cha uuguzi ulikuwa wiki inayofuata.

Hilo la mke lazima nilieleze. Bibi ndiye aliyemzaa baba yangu, na mimi, mjukuu wake wa kwanza wa kiume, nilikuwa mume wake tangu ninavaa nepi. Babu alipokuwa hai tulikuwa tunamgombania. Babu alipofariki nikabaki mume peke yangu, na bibi alitangaza kwa majirani kwamba ameachiwa yule mbovu. Kisha akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Ukoo ukakaa kikao kuangalia nani hana kazi. Wote wakanigeukia kwa pamoja, kama walifanya mazoezi.

Kweli sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeomba chuo cha uuguzi na kukosa. Alama za darasani zilitosha, kilichoniangusha ni usaili. Kipeperushi cha chuo kilisema wanamtafuta mwombaji mwenye huruma, usikivu, uaminifu, moyo wa kufanya kazi na wenzake, anayejitambua na anayejua mipaka ya kazi. Shangazi, ambaye ni afisa utumishi na amewahoji watu hadi sauti imekauka, alinipa majibu ya kukariri. Wasaili waliponiuliza udhaifu wangu, nikajibu alivyonifundisha, kwamba mimi najituma kupita kiasi. Wakatazamana kama watu waliolishwa jibu hilo tangu asubuhi.

Niliporudi nyumbani bibi alitaka kusikia kila kitu.

"Hebu rudia huo udhaifu."

"Najituma kupita kiasi."

"Wewe? Vyombo vya juzi viko wapi?"

"Kwenye karai."

"Basi karai ndilo linalojituma. Limevishikilia tangu juzi."

Chuo kinampa mwombaji nafasi mbili tu za usaili maishani. Nilikuwa nimebakiwa na moja. Nilimsimulia pia sehemu ya pili ya usaili, ambapo unaingizwa chumba chenye kitanda, mtu amelala anajifanya mgonjwa, na wasaili wanakutazama unavyomhudumia. Bibi aliinuka juu ya viwiko.

"Wanamlipa huyo mtu kulala?"

"Nadhani."

"Na mimi nalala hapa bure. Lete hicho kipeperushi."

Kuanzia hapo nikawa na mgonjwa wa kila aina. Kuna siku alikuwa kiziwi, kuna siku alikuwa mke wa tajiri asiyetaka kuguswa na mtu aliyevaa kandambili. Sitaki kusema alinifundisha kwa hekima, maana hekima hakuwa nayo, na angenikatalia. Alinifundisha kwa kulalamika. Nilipomwogesha mara ya kwanza niligeuza uso kwa aibu. "Mume gani huyu," akasema, "fumba macho basi, uniogeshee ukuta." Ndipo nilipojifunza kumfunika shuka, nifunue mkono, niuoshe, niufunike, ndipo niende kwenye mguu. Kila nikisahau nilipigiwa kelele hadi jirani yetu seremala anasimamisha randa yake kusikiliza.

Vidonge ndivyo vilivyokuwa vita. Alikuwa anavificha shavuni, halafu anavizika chini ya mto. Ukimuuliza "umemeza?" anaitikia kwa sauti ya malaika. Nikaacha kuuliza. Nikawa namwongezea maji, nakaa, namchokoza habari za babu. Bibi hakuweza kumsema babu vibaya na kidonge mdomoni kwa muda mrefu, ama akimeze ama kitoke kimsalimie. Shangazi alitukuta siku moja tukiwa katikati ya zoezi, akafurahi.

"Hiyo inaitwa stadi ya mawasiliano," akasema.

"Inaitwa ujanja," bibi akamjibu. "Mwandikie ujanja."

Kwenye msiba watu walijaa uani. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, nilishika kazi ya kuosha vikombe. Seremala akaja akasimama karibu na karai. Jeneza alikuwa amelitengeneza yeye.

"Mgane, pole."

"Nimeshapoa."

"Utaoa tena?"

"Bado mapema. Watu watasema."

Alicheka, kisha akageuka akatazama ukuta kwa muda. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe ninavyoosha. Shangazi alitukazia macho kutoka mlangoni, lakini alikuwa anatafuta nafasi ya kuzungumza nami, na alipoipata alinivuta hadi jikoni.

"Mwanangu, usaili huwa hawaahirishi. Nimewapigia. Ukikosa kwenda, umetumia nafasi yako."

"Nitaenda."

"Basi sikiliza. Wakikuuliza changamoto uliyopitia, wape huu msiba. Una uzito."

"Nimtumie bibi kupata nafasi?"

"Yeye angekataa?"

"Asingekataa. Angedai nafasi mbili."

Shangazi alitaka kunikemea, akashindwa, akafuta macho kwa kanga yake. Lakini niliamua kwamba sitamtaja bibi kule ndani. Nilijijua. Nikianza habari zake nisingemaliza sentensi.

Siku ya usaili tulikaa kwenye mabenchi ya korido, wote mashati meupe, kila mtu anatikisa midomo. Binti wa pembeni yangu alikuwa anajiambia "mimi ni mtu wa huruma, mimi ni mtu wa huruma," na alipokanyagwa na mwenzake akamtukana bila kupumzika, kisha akaendelea na huruma.

Chumba cha kwanza hakikunitesa. Wasaili walikuwa watatu, na katikati alikaa muuguzi mkuu, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akaniuliza udhaifu wangu.

"Nikiona aibu nanyamaza, na watu wanadhani nimekubali."

"Na unafanyaje kuhusu hilo?"

"Ndiyo nafanya sasa hivi."

Akaandika kitu. Wakanihamishia chumba cha pili. Mlangoni palibandikwa karatasi inayosema mgonjwa amekataa dawa tangu jana na hataki kuongea na mtu. Mlango ulikuwa wazi. Kitandani alilala mwanamke mzee, kilemba kichwani, chali, mdomo wazi kidogo. Mkono wake mmoja ulining'inia nje ya kitanda.

Nikabisha ule mlango uliokuwa wazi.

"Mke wangu," nikasema, "umeamkaje?"

Kalamu za wasaili zilisimama. Mgonjwa akafungua jicho moja.

"Mke wa nani?"

Nilijua nimeshaharibu, na nilijua kwamba hakuna nafasi ya tatu. Ningeweza kutoka. Lakini ule mkono ulikuwa bado unaning'inia.

"Samahani, mama," nikasema. "Nimekosea. Kuna mtu niliyezoea kumwita hivyo. Wewe si yeye."

Nikamtajia jina langu, nikamwomba ruhusa ya kukaa, akaitikia kwa kidevu. Nikauinua mkono wake niurudishe juu ya shuka. Ulikuwa wa moto. Niliushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye hakuutoa.

"Ila umeshaniongelesha," nikamwambia. "Karatasi ya mlangoni inasema hutaki kuongea."

Mdomo wake ulicheza. Nikampa kidonge, ambacho kilikuwa peremende, na maji. Akanionyesha uso wa malaika. Sikumuuliza kama amemeza. Nikamwongezea maji, nikamuuliza kama nyumbani ana mume na mume huyo ana tabia gani. Alikaza kwa muda mfupi, kisha akasema, "Yule? Yule anakoroma kama..." na peremende ikamtoka ikaangukia kifuani. Alicheka mpaka akalazimika kuketi. Mwisho aliirudisha mdomoni mwenyewe, akaitafuna, akafungua kinywa nikague.

Muuguzi mkuu hakucheka. Alinirudisha kwenye kiti mbele ya meza.

"Umemwita mgonjwa mke wako."

"Ndiyo."

"Hilo kwenye kazi yetu linaitwaje?"

"Kuvuka mipaka."

"Na huyo unayemwita hivyo ni nani?"

"Bibi yangu."

Msaili wa kushoto alikohoa ndani ya tai yake.

"Anaendeleaje?" akauliza muuguzi mkuu.

"Tumemzika Jumamosi."

Msaili wa kushoto akaacha kukohoa. Muuguzi mkuu alivua miwani, ikabaki inaning'inia kwenye kamba.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Tungekufikiria."

"Ningesema ningelia. Na mgonjwa alikuwa ananisubiri."

Hakuniambia kitu zaidi ya kwamba naweza kwenda. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshajipanga kumwambia shangazi kwamba nimefukuzwa kwa kuoa.

Majibu yalibandikwa ubaoni mwezi uliofuata. Nilikuwa mtu wa pili kutoka mwisho kati ya waliopita. Kwenye usikivu na huruma nilikuwa juu. Kwenye mipaka ya kazi hakuna aliyepata alama ya chini kuliko mimi, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwa mkono kwamba nifuatiliwe kwa karibu. Seremala alisoma mstari huo kwenye picha niliyoupiga ubao kwa simu yangu, akasema, "Hata mkeo alikuwa anakufuatilia kwa karibu."

Masomo yameanza. Nimepangiwa wodi ya wanawake wazee, chini ya uangalizi wa yule muuguzi mkuu, na nimeagizwa nimwite kila mgonjwa "mama".