Jina la Kumalizia Zai

Fundi seremala alikuwa na mikono inayotangulia akili. Mtoto wake aliitwa Zai tangu tumboni, basi akachonga ZAI kwenye kitanda chake kabla jina kamili halijapatikana. Sasa lilitakiwa jina la kizamani lenye kuanzia hapo, maana patasi haina kifutio.

Baraza tukufu la ukoo likaketi jikoni.

"Zainabu," alisema shangazi.

"Jina la mchumba wake wa kwanza!" mke wa fundi akajibu.

Fundi akaona vema kukagua makali ya patasi.

Mama mkwe wa fundi alikuwa akikunja nepi. "Zaituni," alisema hatimaye.

"Mama! Si jina lako hilo?" binti yake akashangaa.

"Lilikuwa langu. Tangu baba yako atutoke, nani ananiita? Mimi ni Bibi tu. Sitaki nizikwe nalo."

Fundi aliona haya. Jina lenyewe lilikuwa likimpikia chai kila asubuhi, naye hakulikumbuka. Akainama, akachonga herufi zilizobaki taratibu, kisha akalijaribu kwa mtoto.

"Zaituni!"

"Abee!" akaitika Bibi, akaficha uso kwenye nepi.