Bi Sayyida Hakutoka Nyumbani

Asubuhi ile Bi Sayyida alikuwa jikoni kwake Madinat Sultan Qaboos, mjini Maskati, anakaanga buni, na bintiye Rawya amesimama kando ya friji, simu sikioni, anazungumza na sheikh. Suala lenyewe lilikuwa jepesi. Kabla baba yake hajafariki, Rawya alikuwa ameshakata tiketi mbili za meli ya kitalii, yeye na mama yake, waende kaskazini kabisa kwenye bahari ya baridi wakatazame majabali ya barafu. Rawya ni mwalimu Salala, analala bweni la walimu, na likizo ya kiangazi ndiyo nafasi pekee anayoipata. Sasa mama amekaa eda. Je, anaweza kwenda?

Sheikh akasema mjane mwenye eda asitoke nyumbani kwake mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Rawya akamshukuru, akakata simu, akamweleza mama yake.

"Basi sitoki," alisema Bi Sayyida, akaendelea kugeuza buni zisiungue.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nyumba ikaondoka naye.

Haikufanya vurugu. Rawya alimwita jirani yao Humam kupitia dirishani, akamwomba aondoe gari lake njiani. Humam akaliondoa, akarudi kulala. Nyumba ikateremka taratibu upande wa pwani ya Qurum, kwenye taa nyekundu ikasimama kama watu wengine, kisha ikaingia majini. Nyuma ulibaki ukuta wa nje, geti na mlimau. Jua lilipopanda, nyumba ya ghorofa mbili ilikuwa baharini, inaifuata ile meli ya kitalii iliyotoka Bandari ya Sultan Qaboos, na Bi Sayyida anamimina kahawa.

Hapa inafaa kusema machache kwa faida ya kila anayefikiria kumpeleka mzazi wake huko, maana watu hukimbilia kununua makoti makubwa wakasahau ya maana. Makabati ya jikoni yafungwe kwa kamba. Rawya hakuyafunga, na bakuli za Kichina za harusi ya mama yake zikavunjika zote kwenye Bahari ya Sham. Mtungi wa gesi ulazwe pembeni ya ukuta na ufungwe vizuri. Kiyoyozi kizimwe mapema. Wao walikisahau, hata Bi Sayyida akalalamika kuwa ndani kuna baridi kuliko nje, na nje kulikuwa na barafu. Nguo zisianikwe juu ya paa. Kanga moja iliganda kama samaki wa ng'onda, na walipoikunja wakaivunja.

Na dira. Jamani, mtu asisahau dira. Nyumba ikigeuka, kibla nacho kinahama, na Bi Sayyida alianza rakaa ya kwanza ameelekea Maka akamaliza ameelekea friji. Rawya akaweka dira juu ya televisheni na mambo yakatengenea. Isipokuwa jua, ambalo huko juu kiangazi halizami. Ikabidi sheikh apigiwe tena. Akasema wafuate saa za Maskati, kwa kuwa nyumba ni ya Maskati. Rawya akauliza kama mama apunguze sala kama msafiri.

"Hajasafiri," sheikh alisema. "Yuko nyumbani kwake."

Neno hilo Bi Sayyida alilipenda, akaomba lirudiwe.

Alikuwa na sababu. Wanawe wa kiume wawili, Yaqdhan na Khattab, walikuwa wameshapata mnunuzi wa nyumba ile tangu wiki ya matanga. Ni watoto wazuri, asiwasingizie mtu. Hakuna Ijumaa wanayokosa kuja kula kwa mama yao. Lakini hati ilikuwa na jina la marehemu Mzee Ishaq peke yake, na kwa mirathi Bi Sayyida ana thumni yake tu, fungu moja katika manane, na thumni ya nyumba ile ni jiko na nusu ya ngazi. Sehemu zilizobaki ni za watoto. Rawya alisema hauzi. Kaka zake wakamjibu kwa upole kuwa wao hawamlazimishi, mahakama ndiyo itakayomlazimisha. Kuhusu mama hakukuwa na tatizo, angekaa kwa zamu, mwezi huku, mwezi kule.

"Mama, ng'ombe haelemewi na nunduye," Khattab alimwambia Ijumaa moja.

"Kumbe mie ndo nundu," Bi Sayyida alisema, akampakulia wali.

Meli ikaingia kwenye khor za huko, yaani ghuba nyembamba na ndefu, zenye majabali pande zote mbili kama za Musandam kule Omani, ila hizi zina theluji vichwani. Abiria wakapanda sitaha wakapunga mikono, na Rawya akawapungia kutoka barazani. Siku moja nyangumi aliibuka hatua chache kutoka dirisha la sebuleni. Bi Sayyida alivuta pazia kwanza, kwa kuwa hakujua kama ni dume au jike, akachungulia kwa pembeni.

Jabali la barafu lenyewe walilikuta asubuhi. Lilikuwa la buluu kwa ndani na linadondosha maji. Bi Sayyida aliweka kiti kwenye dirisha la jikoni, lakini nguzo ya baraza ikamziba. Akaweka kiganja ukutani.

"Sogea kidogo," alisema.

Nyumba ikasogea. Akatazama muda mrefu, kisha machozi yakaanza kumtoka, na Rawya akamletea shali.

"Unaona baridi, Mama?"

"Sioni baridi. Nna raha. Nna raha, na nna hasira na baba yako." Akajifuta kwa ncha ya shali. "Miaka yote nikimwambia twende pahala, akisema mwakani. Akenda Singapore peke yake, akenda London peke yake, mie nikiletewa sabuni. Na hii ghorofa ya juu, bangili zangu na mkufu wa mamangu ndo vilivojenga. Kila Idi akiniambia, Sayyida, nyumba hii yako, kesho ntakwenda kuiandikisha. Kafa mtu mwema, Mungu amrehemu. Kafa na kesho yake."

Rawya akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka jabali likapita.

Simu ikalia. Alikuwa Khattab.

"Mama, mko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Nyumba iko wapi?"

"Si hii hapa, mwanangu. Nimo ndani yake."

Khattab alieleza kuwa mnunuzi amekuja kuona nyumba akaoneshwa mlimau. Yaqdhan akachukua simu akasema, kwa heshima zote, kuwa mali ya warithi imesafiri bila idhini ya warithi, na kuwa chumvi inaharibu rangi. Akamwomba mama yake aiambie irudi. Bi Sayyida alisema itarudi eda ikikaribia kwisha, maana ndivyo tiketi ya Rawya ilivyosema, na kwamba huko kuna samaki mzuri sana asiye na miba.

Ikarudi kama alivyosema. Ilikaa mahali pake Madinat, ila imepinda kidogo upande wa geti, na bomba la maji halikukutana na la serikali kwa upana wa kiganja. Chini ya madirisha makome madogo yalikuwa yameng'ang'ania. Yaqdhan na Khattab walikuja, wakambusu mama yao kichwani, wakauliza hali ya safari, kisha wakaenda kukagua kuta.

Siku mbili baada ya eda kwisha wakamleta mnunuzi. Jina lake Saeed, mtu wa makamo, ana ghala la vifaa vya ujenzi Rusayl na anaijua nyumba kwa kuigonga tu. Aliigonga pande zote. Akakaa sebuleni, akanywa kahawa, akasifu halua.

"Chumvi si tatizo, chumvi huoshwa," alisema. "Ila mimi nikinunua nyumba nataka niamke niikute. Hii itaondoka tena?"

Kaka wawili wakamtazama mama yao.

"Mama, tafadhali," Khattab alisema. "Zungumza nayo. Wewe ndiye inayekusikiliza."

Rawya akaweka kikombe chini. "Inamsikiliza yeye peke yake, na bado mnasema si yake?"

"Kusikilizwa si hati," Yaqdhan alisema.

Rawya akasema basi na waende mahakamani, na asiwaone tena siku ya Idi wala siku ya msiba. Yaqdhan akasimama. Khattab akamwambia dada yake maneno ambayo hayana haja ya kuandikwa. Saeed, mtu wa watu, alikuwa anaitazama halua.

"Kaeni," Bi Sayyida alisema.

Wakakaa. Na yeye alikuwa na uchungu, ulionekana wazi.

"Nnayo miaka mingapi tena? Nnaweza kusema twende sasa hivi, na itakwenda, na mie ntakuwa na nyumba baharini na wanangu watatu hawasemezani. Sina roho hiyo."

Akainuka, akaenda kwenye ukuta ulioko kati ya sebule na jiko, akaweka kiganja. Akaupapasa.

"Haya," aliuambia. "Kaa hapa. Usinifuate."

Nyumba ikakaa. Ilijinyoosha upande wa geti, madirisha yakagonga mara moja, na nje bomba likaingia kwenye bomba. Saeed alitoka akausukuma ukuta kwa bega, akausukuma tena, akaridhika. Hati ilitiwa saini pale pale juu ya boneti ya gari lake. Rawya alitia saini ya mwisho, kwa kuwa mama yake alimwomba.

Sanduku la Bi Sayyida lilikuwa limefungwa tangu juzi. Akavaa baibui, akafungua mlango, akatoka. Eda ilikuwa imekwisha, hapakuwa na ubaya.

"Tunaanza kwa nani?" aliuliza.

Yaqdhan alisema kwake, ila chumba ndiyo kwanza kinapakwa rangi, kwa hiyo aanze kwa Khattab. Khattab alisema kwake kuna wageni wa mkewe mpaka mwisho wa wiki. Wakasogea kando kidogo kulizungumza jambo hilo, na Bi Sayyida akakaa juu ya sanduku lake, kwenye kivuli cha ukuta wa Humam, akawangoja waafikiane.